Mtoro Aliyejenga Chuo

Mwaka 1863 kabaila mmoja wa Kolkata, Debendranath Tagore, alikodi kipande cha ardhi ambacho hakuna mkulima aliyekitamani. Ulikuwa uwanda mkavu wa udongo mwekundu wenye changarawe, katika wilaya ya Birbhum huko Bengal, kilomita 160 hivi kutoka Kolkata. Mvua zilikuwa zimeuchimba makorongo ambayo wenyeji huyaita khoai, na miti yake ilikuwa ya kuhesabu. Kwa bigha 20, yaani karibu ekari saba, ukoo wa Sinha wa kijiji cha Raipur ulimtoza rupia tano kwa mwaka. Masimulizi ya wenyeji husema kilichomvutia ni miti miwili ya chhatim aliyoikuta imesimama peke yake uwandani: alikaa kivulini mwake kutafakari, akaona hapo ndipo mahali pake. Akajenga nyumba ya wageni, akaipa jina la Santiniketan, makazi ya amani.

Mgeni anayeshuka leo katika stesheni ya mji jirani wa Bolpur hauoni ukame huo. Hupokewa na kelele za madereva wa bajaji za umeme, ambazo Wabengali huziita toto, kila mmoja akimvuta upande wake. Dakika chache baadaye maduka ya mikoba ya ngozi na sari zilizodariziwa yanakwisha, na vivuli vinaanza: miembe, miti ya sal iliyopangwa mistari miwili, mibanyani inayoteremsha mizizi kutoka matawini. Asubuhi, chini ya miti hiyo, watoto huketi nusu duara, kila mmoja na kijikeka chake, mwalimu akiwa kwenye kiti cha saruji kilichojengwa palepale ardhini. Mwalimu huyo haitwi bwana wala bibi. Jina lake hufuatiwa na “da”, kaka, au “di”, dada, hata akiwa profesa mwenye mvi.

Hapa ndipo kilipo chuo kikuu cha Visva-Bharati, ambacho Mkuu wake ni waziri mkuu wa India. Hapa alisoma Indira Gandhi kabla hajajua kwamba ataitawala nchi. Hapa alizaliwa Amartya Sen, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Jina Amartya alipewa na mwanzilishi wa chuo, mshairi Rabindranath Tagore, mwana wa Debendranath. Satyajit Ray, mwongozaji filamu, alijifunza kuchora hapa. Ananda Samarakoon, aliyetunga wimbo wa taifa wa Sri Lanka, alipita hapa kama mwanafunzi, na nyimbo za taifa za India na Bangladesh zote ni za Rabindranath. Ni vigumu kutaja mji mwingine mdogo kama huu wenye nasaba na nyimbo za mataifa matatu.

Fahari hiyo huwafanya wageni wengi wadhani kwamba Santiniketan ilijengwa kwa utajiri wa ukoo wa Tagore. Sivyo. Kwa nusu karne ya mwanzo shule iliyozaa chuo hicho iliishi kwa kuombaomba, kukopa na kuuza vitu vya nyumbani, na mengi yanayowavutia watalii leo yalizaliwa na itikadi na ukata kwa pamoja.

Saa ya dhahabu na darasa lisilo na kuta

Rabindranath alizaliwa Mei 7, 1861, katika jumba la familia la Jorasanko, Kolkata, akiwa miongoni mwa watoto wa mwisho katika familia yenye watoto wengi. Alipelekwa shule moja baada ya nyingine, na zote akazikimbia. Baadaye maishani aliandika kwa uchungu kuhusu kuta, kengele na madawati, na kuhusu walimu waliowaona watoto kama vyombo vya kujazwa.

Mwaka 1873, akiwa na miaka 11, baba yake alimchukua safari ya milima ya Himalaya. Kituo cha kwanza kilikuwa Santiniketan. Mtoto aliyekulia chini ya ulinzi wa watumishi, asiyeruhusiwa hata kutoka uani, aliachwa azurure kwenye makorongo mekundu peke yake, arudi na mifuko iliyojaa vijiwe. Baba alimwachia pia fedha za matumizi, atoe na aandike hesabu, na akamkabidhi saa yake ya dhahabu awe anaitia ufunguo kila siku. Mtoto aliitia ufunguo kwa bidii mno hata saa ikabidi ipelekwe Kolkata kwa fundi. Hakugombezwa.

Debendranath alikuwa kiongozi wa Brahmo Samaj, jumuiya ya wanamageuzi wa Kihindu wanaoamini Mungu mmoja na wasioabudu sanamu. Mwaka 1888 aliigeuza Santiniketan kuwa wakfu kwa hati iliyokataza sanamu, nyama na pombe, na iliyokataza pia kutukana dini ya mtu yeyote. Mwaka 1891 likafunguliwa jumba la ibada lenye kuta za vioo vya rangi, ambalo bado lipo, na tangu mwaka 1894 kukawa na maonyesho ya kila mwaka katika mwezi wa Poush, unaoanza katikati ya Desemba. Hati hiyo iliruhusu pia shule. Miaka ilipita bila shule hiyo kushika mizizi, mpaka yule mtoro wa zamani, sasa mshairi wa miaka 40 mwenye watoto watano, alipoichukua kazi hiyo mwenyewe.

Alifungua milango Desemba 22, 1901, ingawa milango yenyewe ilikuwa michache. Wanafunzi walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa mwanawe mkubwa, Rathindranath. Walisoma chini ya miti kwa sababu Tagore aliamini mtoto hujifunza vizuri zaidi akiwa karibu na jua, ndege na upepo. Walisoma huko pia kwa sababu majengo hayakuwapo. Ada haikutozwa mwanzoni. Tagore aliuza nyumba yake ya pwani huko Puri, na mkewe, Mrinalini Devi, akatoa vito vyake vya dhahabu viuzwe. Alihamia Santiniketan na kuwapikia wanafunzi. Novemba 1902, kabla hajatimiza miaka 30, Mrinalini akafariki.

Misiba ilifuatana. Mwaka 1903 alikufa binti wa Tagore, Renuka. Mwaka 1905 baba yake. Na mwaka 1907 kipindupindu kikamchukua mwanawe mdogo, Shamindranath, aliyekaribia miaka 11. Mapema mwaka huohuo, mtoto huyo alikuwa amewakusanya wenzake kusherehekea majira ya kuchipua. Kutokana na mchezo huo wa watoto ilikua sherehe ya Basanta Utsav, siku ambayo wanafunzi huvaa manjano, huimba na kucheza ngoma na kurushiana unga wa rangi, na ambayo kwa miaka mingi ilijaza hoteli za Bolpur.

Karani wa shamba na kamusi yake

Walimu wa mwanzo hawakutafutwa kwa vyeti. Haricharan Bandyopadhyay alikuwa mtumishi katika ofisi ya mashamba ya familia ya Tagore huko Patisar. Tagore, aliyekuwa akikagua mashamba hayo, alimwuliza jioni hufanya nini kazi zikiisha. Akajibu kwamba husoma Kisanskriti na kuandaa maandishi ya kitabu. Muda mfupi baadaye, mwaka 1902, aliitwa Santiniketan kuwa mwalimu wa lugha hiyo.

Kisha Tagore akampa kazi nyingine: atunge kamusi ya Kibengali. Haricharan alianza mwaka 1905 na kumaliza rasimu mwaka 1923. Ilipokamilika hapakuwa na fedha za kuichapisha, kwa hiyo ilibidi isubiri hadi miaka ya 1930, ikatoka kijitabu kimoja baada ya kingine, wanafunzi na walimu wakiwa miongoni mwa walioinunua kwa kujiandikisha. Uchapishaji ulipofika mwisho, Tagore alikwisha kufa, na mwenye kamusi alikuwa mzee anayepoteza nuru ya macho. Bangiya Shabdakosh bado inauzwa, na Wabengali wanaoandika kwa makini bado huifungua.

Novemba 1913 ilikuja simu ya maandishi kutoka Kolkata: Tagore ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wa kwanza asiye Mzungu kuipata. Inasimuliwa kwamba alipoisoma alimpa mwalimu mmoja aliyekuwa akilalamikia mitaro ya maji machafu, akamwambia fedha za mitaro hizo hapo. Kilicho hakika ni kwamba fedha za tuzo aliziweka kwa ajili ya shule katika benki ya ushirika ya wakulima aliyoianzisha Patisar, ili shule iishi kwa riba nayo benki ipate mtaji wa kuwakopesha wakulima waliokabwa na walanguzi wa riba.

Siku chache baadaye treni maalumu ilileta wageni wapatao 500 kutoka Kolkata kuja kumpongeza. Wengi wao walikuwa wamezoea kuyabeza maandishi yake. Tagore aliwashukuru kwa maneno makavu, akawaambia kwamba heshima iliyosubiri kibali cha Wazungu hawezi kuinywa kwa furaha. Wageni walirudi Kolkata wamenuna, na magazeti yakamshambulia kwa majuma kadhaa.

Dunia inakuja kwenye kiota kimoja

Mwaka 1915 alifika mgeni ambaye bado hakuwa maarufu sana India: Mohandas Gandhi, aliyetoka Afrika Kusini. Vijana wa shule yake ya Phoenix walikuwa wamemtangulia na kupokewa Santiniketan. Gandhi aliona wanafunzi wanapikiwa na kufagiliwa, hakufurahi. Aliwashawishi wafanye kazi zote wenyewe, na Machi 10 wakaanza: kuteka maji, kupika, kusugua vyombo, kusafisha vyoo. Tagore alikubali jaribio hilo lifanyike, ingawa halikudumu. Hata hivyo, kila Machi 10 hadi leo, wapishi na wafagizi wa Santiniketan hupumzika, na kazi zao hufanywa na wanafunzi na walimu.

Vita vya kwanza vya dunia vilimfanya Tagore aone kwamba shule ya watoto haitoshi. Alitaka mahali ambapo elimu ya Asia na ya Ulaya zitakutana kama mwenyeji na mgeni, pasiwe na bwana na mtumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 1918, na Desemba 23, 1921 Visva-Bharati ikazinduliwa rasmi. Wito wake ulichukuliwa kutoka maandiko ya Kisanskriti, wenye taswira ya dunia nzima kukutana katika kiota kimoja.

Kiota kilijaa haraka. Sylvain Lévi, bingwa wa Kisanskriti na maandiko ya Kibudha kutoka Paris, alikuwa profesa mgeni wa kwanza. Stella Kramrisch wa Austria alifundisha historia ya sanaa. Giuseppe Tucci wa Italia alifika mwaka 1925. Mchina Tan Yun-Shan alihangaika kwa miaka akikusanya fedha na vitabu, na Aprili 1937 ikafunguliwa Cheena Bhavana, taasisi ya masomo ya Kichina ambayo maktaba yake bado ni hazina kubwa. Waliokuja kufundisha walilala kwenye nyumba za kawaida, walikula mchele na dengu, na mara nyingi walilipwa kidogo.

Mmoja wa wageni hao aliifahamu Afrika Mashariki kwa tabu. Charles Freer Andrews, kasisi Mwingereza aliyehamia Santiniketan, alisafiri mara kadhaa kwenda Kenya kati ya mwaka 1919 na 1921, kuchunguza hali ya Wahindi waliokuwa wakinyimwa haki ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu. Katika moja ya safari hizo walowezi wa Kizungu walimvamia ndani ya treni na kumpiga, kwa kuwa Mzungu mwenzao alikuwa amesimama upande wa Wahindi. Kaburi lake liko Kolkata, na Santiniketan hospitali moja ina jina lake. Tagore mwenyewe hakufika Afrika Mashariki, lakini mwaka 1937, Italia ikiwa imekwisha kuivamia Ethiopia, aliandika shairi liitwalo “Africa”, lenye hasira dhidi ya waliokuja barani na pingu huku wakijiita wastaarabu.

Kilomita tatu hivi kutoka kwenye miembe, katika kijiji cha Surul, jambo jingine lilianzishwa Februari 6, 1922. Tagore alimkabidhi Leonard Elmhirst, Mwingereza aliyesomea kilimo Marekani, nyumba kuukuu na kijiji kilichokuwa kikifa kwa malaria, madeni na udongo uliochoka. Mradi uliitwa Sriniketan, nao ulilipiwa kwa sehemu kubwa na Dorothy Straight, tajiri wa Marekani ambaye Elmhirst alimwoa baadaye. Palianzishwa vyama vya ushirika vya afya, vijana wa kupambana na mbu, mashamba ya majaribio na karakana za ufumaji, useremala na ngozi. Batiki na mikoba ya ngozi yenye nakshi, inayouzwa leo kila kona ya Bolpur, ilitokana na karakana hizo. Elmhirst na mkewe walikwenda Uingereza, na mwaka 1925 wakanunua Dartington Hall huko Devon wafanye hukohuko walichojifunza Birbhum.

Kokoto, udongo na lami

Kala Bhavana, kitivo cha sanaa, kilianza mwaka 1919, na Nandalal Bose akawa mkuu wake aliyekiumba. Wanafunzi walimwita Mastermoshai, mwalimu mheshimiwa. Nandalal hakuwaruhusu kukaa darasani kunakili sanamu za plasta za Kigiriki, kama ilivyokuwa desturi katika shule za sanaa za serikali ya kikoloni. Aliwapeleka mashambani, kwenye magulio na vijiji vya Wasanthali, kabila la eneo hilo, wachore fahali anavyonyanyuka na mwanamke anavyotwaa mtungi. Yeye na wanafunzi wake ndio waliopamba kurasa za nakala asilia ya katiba ya India huru.

Mwaka 1925 alifika kijana kutoka wilaya jirani ya Bankura, Ramkinkar Baij, wa familia maskini ya vinyozi. Alitaka kuchonga sanamu kubwa. Shaba ya kusubu ilikuwa ghali, marumaru haikuwapo, na udongo mtupu usingeweza kuihimili mvua. Ramkinkar akatumia kilichokuwa chini ya miguu yake. Alisuka kiunzi cha nondo, akachanganya saruji na kokoto nyekundu za khoai, akawa anautupia mchanganyiko huo kwenye kiunzi kwa mkono, tonge kwa tonge, kisha anaukwangua kabla haujakauka.

Mwaka 1938 ndivyo ilivyosimama “Familia ya Kisanthali”. Mwanamume amebeba mzega begani, mtoto akiwa ndani ya kapu moja; mkewe anatembea ubavuni na mtoto mwingine kiunoni, na mbwa anawafuata. Wanahama kutafuta kazi, na wote ni wakubwa kuliko kimo cha binadamu. Ukisogea karibu, ngozi yao ina chunusi za kokoto, rangi ileile ya njia unayoikanyaga, na alama za vidole vya msanii bado zinaonekana. Hadi wakati huo sanamu nyingi za hadhara nchini India zilikuwa za magavana, majenerali na Malkia Victoria. Hapa vibarua wasio na ardhi walipewa ukubwa huo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1956 aliongeza nyingine, wanawake wawili wakikimbilia king'ora cha kiwanda cha mpunga, sari zao zikipepea zikauke njiani.

Rafiki yake, Benode Behari Mukherjee, alizaliwa na jicho moja lisiloona na jingine hafifu. Shule za kawaida zilimshinda, Santiniketan ilimpokea. Mwaka 1946 na 1947, kwenye kuta za jengo la masomo ya Kihindi, alichora msafara mrefu wa watakatifu na washairi wa zama za kati, Waislamu kwa Wahindu, wafumaji, washona viatu na wafalme. Plasta ikiwa bado mbichi, alichora moja kwa moja bila kutanguliza mchoro wa ukubwa halisi, ingawa macho yake hayakuweza kuuona ukuta wote kwa pamoja. Miaka kumi baadaye upasuaji wa mtoto wa jicho ulishindwa, akawa kipofu kabisa. Hakuacha sanaa: alikata karatasi, alifinyanga nta, alipamba ukuta kwa vigae. Ray, mwanafunzi wake wa miaka ya 1940 hadi 1942, alitengeneza filamu fupi kumhusu mwaka 1972.

Hata majengo yalifuata njia hiyohiyo. Mabweni ya wanafunzi wa sanaa yanayoitwa Kalo Bari, Nyumba Nyeusi, ni ya udongo uliosilibwa kwa lami, na kuta zake zimejaa michongo iliyonakiliwa kutoka ustaarabu mbalimbali wa kale. Mwaka 1935 Tagore mwenyewe alihamia Shyamali, nyumba yenye kuta na paa la udongo, akitaka kuonyesha kwamba mwanakijiji anaweza kuwa na paa lisiloshika moto kwa gharama ndogo. Mvua zilimkosoa. Nyumba imekarabatiwa mara nyingi, na bado imesimama ndani ya uzio wa Uttarayan pamoja na nyumba zake nyingine nne, kwa kuwa mzee huyo alikuwa na tabia ya kuichoka nyumba mara tu ilipokamilika.

Mzee na kundi la wacheza ngoma

Fedha ndizo hazikutosha. Tagore alizunguka Marekani, Ulaya, Japani na Argentina akitoa mihadhara, na sehemu kubwa ya mapato iliishia kwenye mishahara ya walimu na madeni ya wauza mchele. Aliikabidhi Visva-Bharati hakimiliki za vitabu vyake vya Kibengali. Alipozeeka aligundua kwamba watu hulipa zaidi kutazama ngoma kuliko kusikiliza mhadhara, akaanza kuwazungusha wanafunzi wa Santiniketan na maigizo ya kucheza aliyoyatunga mwenyewe. Wasichana wa familia za heshima walipanda jukwaani mbele ya umma, jambo lililowachukiza wahafidhina wa Kolkata.

Machi 1936 kundi hilo lilikuwa Delhi. Tagore alikaribia miaka 75, anaumwa, na bado hajatimiza kiasi alichokihitaji. Gandhi aliposikia aliona ni aibu. Aliuliza deni ni kiasi gani, na baada ya siku chache hundi ya rupia 60,000 ikafika kutoka kwa mfadhili asiyetajwa, pamoja na ombi kwamba mzee arudi nyumbani apumzike. Maonyesho yaliyobaki yakafutwa.

Februari 1940 Gandhi na mkewe Kasturba walifika Santiniketan kwa mara ya mwisho Tagore akiwa hai, wakalala Shyamali. Wakati wa kuagana Tagore alimkabidhi barua akimsihi akilinde chuo baada yake. Agosti 7 mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Oxford kilifanya mahafali yake hapohapo ili kumpa shahada ya heshima. Hotuba ya kumtunuku ilisomwa kwa Kilatini, naye akajibu kwa Kisanskriti. Mwaka mmoja kamili baadaye, Agosti 7, 1941, akafariki Kolkata.

Ombi la Tagore lilitimizwa mwaka 1951, Bunge lilipoifanya Visva-Bharati chuo kikuu cha serikali kuu. Jawaharlal Nehru akawa Mkuu wa Chuo, na Rathindranath, mmoja wa wale wanafunzi watano, akawa Makamu wa kwanza. Mishahara ikawa ya uhakika. Pamoja nayo zikaja kamati, ngazi za vyeo na faili. Rathindranath alidumu miaka miwili tu kabla ya kujiuzulu. Chuo kiliendelea kutegemea mrabaha wa vitabu vya mwanzilishi kiasi kwamba, hakimiliki zilipokaribia kuisha mwaka 1991, sheria ya India ikabadilishwa kuongeza miaka kumi, kwa manufaa ya waandishi wote lakini kwa shinikizo la Tagore zaidi ya mwingine yeyote. Desemba 31, 2001 nyongeza hiyo nayo ikaisha.

Medali yenyewe ya Nobel haikubaki salama. Machi 2004 wezi waliingia usiku katika jumba la makumbusho la Uttarayan wakaichukua pamoja na vitu vingine vya mshairi. Wachunguzi wa serikali kuu waliitafuta bila mafanikio. Sweden ikaleta nakala, na hizo ndizo za kutazamwa.

Wageni wanaongezeka

Leo Santiniketan inasumbuliwa na kitu ambacho Tagore hakuwahi kukijua: watu wenye fedha. Wakazi wa Kolkata wamejenga nyumba za mapumziko hadi kwenye makorongo ya khoai, na mwaka 2005 ujenzi huo ulifika Mahakama ya Juu ya India, iliyoagiza udhibitiwe. Agosti 2020 uongozi wa chuo ulipoanza kuuzungushia ukuta uwanja wa maonyesho ya Poush, umati ulikuja na tingatinga ukabomoa msingi na lango. Upande mmoja ulisema chuo lazima kilinde mali yake na usafi. Upande mwingine ulisema mtu aliyechukia kuta hawezi kuenziwa kwa ukuta.

Septemba 17, 2023 UNESCO iliiingiza Santiniketan katika orodha ya urithi wa dunia. Majuma machache baadaye vibao vya marumaru vikawekwa kutangaza heshima hiyo. Viliwataja Mkuu na Makamu Mkuu wa Chuo wa wakati huo, lakini jina la Rabindranath Tagore halikuwamo. Wanafunzi wa zamani na wakazi wakaja juu, siasa zikaingia, na vibao vikalazimika kubadilishwa.

Anayepanga kwenda afahamu kalenda ya huko. Mapumziko ya wiki ni Jumatano, siku ya ibada katika jumba la vioo, na Jumapili watu wako kazini. Watalii hawaruhusiwi kuzurura katikati ya madarasa ya chini ya miti. Makumbusho na nyumba za Uttarayan ndizo za kukatia tiketi. Jumamosi kuna gulio la Sonajhuri, kandokando ya khoai, ambako waimbaji wa Kibaul hupiga zeze la uzi mmoja, wanawake wa Kisanthali hucheza kwa mstari, na wauzaji wa sari na shaba ya dokra hutaja bei ya kwanza wakitegemea mteja apatane. Katika siku za Poush, kuanzia Desemba 23 hivi, vyumba hujaa miezi kabla, na bei hupanda mara mbili au tatu bila mwenye hoteli kuhitaji kucheza ngoma Delhi.